Fomu ya Urithi, Kamuthanga

Chifu amenipa fomu, ukurasa mmoja, mbele na nyuma.
Jina la kijiji. Mwaka wa kuanzishwa.
Urithi (usizidi mistari mitatu).
"Ulikuwa karani wa ardhi, mwandiko wako unasomeka.
Ijumaa iwe mezani."

Jina: Kamuthanga, Dagoretti, Nairobi.
Hilo halina ubishi,
ila mkandarasi wa barabara mpya ameandika Kamsanga
na kibao kimeshakauka rangi.

Mwaka wa kuanzishwa.
Hapa kalamu iligoma.
Upo mwaka wa Mbuthia, aliyefyeka msitu akapanda viazi vikuu;
mwaka huo hauna tarakimu, una jina la njaa tu.
Upo mwaka wa kanisa la mabati,
ambamo mvua ikinyesha mhubiri hunyamaza
akasubiri, kama sisi wengine.
Na upo hamsini na nne,
tulipoletwa kwa bunduki kutoka matuta saba,
nyumba zikapangwa mistari kama mahindi,
handaki likatuzunguka, vijiti vyenye ncha chini,
tukaambiwa: hiki sasa ni kijiji.
Ramani inaujua huo wa tatu peke yake.
Niliuchora mwenyewe mara nne, kwa wino mweusi,
nikalipwa mshahara,
sikuuliza.

Waliobebeshwa mizigo ya vita vya Wazungu: tisa.
Waliorudi: wawili.
Hakuna jiwe lenye majina yao.
Warigia huyataja akichambua maharage,
jina moja, punje moja,
na mwezi wa shida maharage huisha kabla ya majina.

Mto: ulikuwepo. Sasa unapita ndani ya karavati
chini ya ghorofa la Gathogo, milango arobaini na minane,
na wapangaji wa Kitui na Busia
husikia maji usiku wakidhani bomba limepasuka.

Urithi.
Kila mtu akaniambia: reli.
Kipande cha reli kilichoning'inia kwenye mti wa muiri,
kikagongwa kwa nati kubwa:
cha ibada, cha shule, cha maziwa, cha moto.
Nikakitafuta. Mti umekatwa, kuna kinyozi.
Kinyozi akanielekeza kwa Musyoka wa vyuma chakavu,
naye alikuwa amekitenga kando, hajui kwa nini.
Kilo kumi na tisa, shilingi arobaini kila kilo.
Nililipa bila kupatana. Nikamwomba risiti,
karani hafi upesi.

Musyoka akakinyanyua kwa mnyororo.
"Ngoja nisikie nilichokuuzia," akasema,
akakipiga.

Mbwa wakanyamaza kwanza, kisha wakaanza.
Mama mmoja wa ghorofa ya nne akachungulia na nguo mkononi.
Na ng'ambo ya barabara, kibarazani kwa mwanawe,
Nyakeru, ambaye mwaka huu hamjui hata mwanawe,
akaweka kikombe chini,
akafunga kitambaa kichwani,
akatafuta jembe mahali ambapo hapajawa na jembe miaka ishirini,
akatoka hadi langoni, akasimama
wima, macho chini,
akingoja kuhesabiwa.

Hatukuwa tumesema cha handaki.
Cha alfajiri, cha wanawake wote nje, cha anayechelewa.
Katika orodha yote ya milio
huo hakuna aliyenitajia.

Nilivuka. Nikamwambia kwa lugha yake kwamba leo hakuna kazi.
Hakuniamini. Nikasema tena, kwa sauti ya amri,
ninayoijua, niliitumia ofisini:
Hakuna kazi. Rudini nyumbani.
Ndipo akaketi.
Chai ilikuwa bado vuguvugu.

Ijumaa nimepeleka fomu.
Mwaka wa kuanzishwa: nimeandika mitatu, ikabanana kwenye kisanduku.
Urithi: Kipande cha reli, kilo kumi na tisa.
Kiko kwangu, chini ya kitanda, kimefungwa gunia.
Mstari wa tatu ulibaki, nikaujaza:
Kisigongwe Nyakeru akiwa hai.